Mama Haropoki

Dada,

Nikikupigia unakata, basi soma. Huku mvua imenyesha, vitunguu vimeshika. Sisi wanawake wa kwetu tuliohamia mashamba haya bado tunapalilia tukiongea lugha ya mama, msimamizi apende asipende.

Lugha hiyo hiyo uliyowachapa wanao wakiitamka, eti ushamba, hadi nawe ukaisahau. Leo unamrekodi mama kitandani, unanitumia: "Akili imemruka, anaropoka tu."

Niliwasikilizisha wenzangu shambani. Wote waliweka majembe chini.

Haropoki, dada. Lugha ya mjini ndiyo iliyomtoka kichwani; anaongea ya kwetu. Kutwa anauliza, "Binti yangu mkubwa yuko wapi?" Na wewe umekaa pembeni yake, unamfuta mdomo, unamwambia anyamaze.

Ni mimi mdogo wako,
yule mshamba.