Nyuzi Nane Juu ya Kabati

Mama Amolo,

Naenda Asembo Bay na kwaya, nitarudi jioni. Uji uko kwa sufuria. Samaki nimefunika na sahani nzito, maana ile paka ya jirani imeshaanza kuzunguka.

Ukulele yangu, hako kagitaa kadogo, nimeiacha juu ya kabati. ~~Tafadhali rudisha nyuzi vile zilikuwa.~~ Hapana. Usiguse hata mmoja!

Asubuhi, wewe ukiwa umeenda sokoni, niliichukua nijaribu wimbo wa kanisa. Kelele gani hiyo! Nyuzi ni nane, zinakaa mbili mbili kama mapacha, na kila pacha hulia sawa na mwenzake. Wewe umewatenganisha wote. Niligomba peke yangu humu ndani kama mwendawazimu. Halafu nikagusa uzi mmoja mmoja, pole pole, nikakaa chini. Ilikuwa sauti ya nyatiti, kile kinubi cha marehemu baba yako. Nyuzi nane, sauti nane. Mzee hakuruhusu msichana yeyote aishike. Kumbe akipiga, wewe ulikuwa jikoni unaiweka yote kwa kichwa! Mimi, mwalimu wa kwaya mzima, nisingeweza.

Basi leo kwaya itaimba bila ukulele. Midomo wanayo.

Ndugu zako watapita mchana kuchukua mbegu. Hao ndio waliachiwa nyatiti yenyewe, ikaliwa na mchwa. Wape chai, halafu uwapigie hiyo ukulele. Na wakiuliza nani alikaza nyuzi, usithubutu kusema ni mimi.

Baba Amolo