Jina Chini ya Picha

Dada yangu,

Natumaini mguu umepona. Huku hatujambo, na paa halivuji tena.

Stesheni yetu imetimiza miaka sabini, wakatundika picha ya zamani pale ninapokatia tiketi. Bosi akaniita mbele ya wenzangu: "Baba yako si alifanya kazi hapa? Tuonyeshe ni yupi." Pichani wamo watu wawili tu: stesheni masta na kofia yake, na marehemu Baba, ameinama na ufagio. Dada, kidole changu kilikwenda kwenye kofia. Wakaandika chini, "Stesheni masta," na jina la Baba.

Jana Mama alikuja kuiona. Miwani aliisahau nyumbani, lakini alimtambua Baba hapohapo kwa ule mgongo wake. Akafuta kioo kwa kiganja. "Hapa wameandikaje?"

Nikamsomea jina tu.

Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe hata mfagiaji anaandikwa! Na mimi, mwanangu, siku zote nilidhani unamwonea haya."

Kesho anarudi na majirani zake. Miwani ameshaitia mkobani.

Ni mimi, mdogo wako.