Kibati Namba Sita

Thornton Heath, Jumamosi, Novemba 2006. Mvua toka asubuhi, ile ya huku, isiyonyesha wala kuacha.

Nipo maktaba. Nachapa kwa kidole kimoja, na bado nawashinda wenzangu wote wa darasa la wazee. Herufi nimejifunzia hapa hapa London, nikiwa na miaka sitini na kitu. Nani mwingine kaweza? Nitajieni mmoja.

Lakini leo sikuja kujisifu. Leo nina aibu.

Jumamosi iliyopita tulikutana Woolwich, ukumbi wa kanisa, sisi wa Majani Marefu. Mnaonisoma hapa bloguni mnapajua, nimewaambia mara mia: ni kile kijiji cha Tanzania tulichofunguliwa sisi wakimbizi wa Kongo, katikati ya mbuga, nyasi zinampita mtu kichwa, mti hakuna hata wa kufungia mbuzi. Sasa wanataka kutoa kijitabu cha historia yake, watoto waliozaliwa huku wajue. Nikapewa kiti cha mbele. Haki yangu. Nilikuwa kwenye lori la kwanza.

Nikasimulia tulivyofyeka na kuchoma. Nikasimulia karani alivyokuja na vibati vya namba za viwanja, akaweka kimoja chini ya kila kigingi, akauliza nani anajua kusoma avipigilie. Mimi peke yangu nikanyoosha mkono. Watu ukumbini wakapiga makofi.

Kusoma nilikuwa sijui.

Kisha akasimama Mama Rusia, mjane wa rafiki yangu Petro. "Marehemu wangu alikuwa na mkono wa mkosi, jamani! Karatasi za kura zote zile, yeye akaokota ya bondeni. Nyumba imeanguka mara tatu, mpaka mkamwita Bwana Chura. Si ndiyo, shemeji?"

"Ndiyo kabisa," nikasema. "Masika tulikuwa hatujui analia chura au anakoroma Petro."

Ukumbi ukacheka. Nilicheka kuliko wote. Jina lile nililitoa mimi.

Sasa niandike kabla kidole hakijaogopa. Viwanja tuligawana kwa kura: Petro aliokota karatasi ya sita. Mimi niliokota tisa. Sita ilikuwa kwenye mwinuko, udongo mzuri. Tisa ilikuwa bondeni, maji yanakotuama. Vibati vingine nilibahatisha, ila hivyo viwili nilivipigilia kichwa chini, miguu juu: 6 ikasomeka 9, 9 ikasomeka 6. Kwa hiyo mimi nikajenga kwake, yeye akajenga kwangu.

Hapo sikukusudia, Mungu anajua. Baadaye ndiyo nilikusudia.

Karani alirudi baada ya mwezi na ramani yake. Akanivuta pembeni. "We bwana msomi, hii tisa yako mbona imesimama kwa kichwa? Badilishaneni kabla ya mvua." Nikajibu nitamwambia Petro. Lakini kuta zangu zilikuwa zimenifika mabegani. Na nikimwambia, si kijiji kizima kitajua sijui kusoma?

Sikumwambia. Nyumba yake ilipoanguka mara ya kwanza nilikwenda kumsaidia kutoa matope. Akanishukuru. Ya pili, akanishukuru. Ya tatu, hivyo hivyo. Amekufa ananiita ndugu.

Baada ya mazungumzo Mama Rusia akanipakulia sombe, kisamvu chetu cha Kongo, na samaki, akanipa kichwa, sehemu ya mtu mkubwa. Akaniomba habari za Petro kwenye kijitabu niziandike mimi, kwa kuwa nilimjua. "Andika tu hakuwa na bahati, shemeji. Usimfiche."

Kichwa cha samaki kilinitazama. Sikukimaliza.

Wiki nzima nimejaribu. Naandika "hakuwa na bahati", nafuta. Naandika tena, nafuta. Mimi, mtu wa lori la kwanza!

Kijitabu kinakwenda kuchapwa Jumatatu. Kesho baada ya ibada nitasimama mbele ya Mama Rusia, palepale ukumbini, watu wakiwepo, maana jina la Chura nililitoa mbele ya watu. Anitukane akitaka. Aninyime sombe maisha yangu yote.

Nimetoa karatasi moja kwenye mashine ya maktaba, ipo mfukoni. Ulimi ukikwama, atasoma mwenyewe. Ina mstari mmoja: Petro aliokota sita, nikaikalia mimi.

Namba nimeiandika kwa herufi. Sitaki ipinduke tena.