Uzi Ambao Fundi Viatu Hakutaka Ufumuliwe

Shangazi, shikamoo. Jambo hili limenifika shingoni, nisaidie kabla sijaharibu.

Mimi ni fundi viatu, nina kibanda changu karibu na stendi, mimba yangu ina wiki thelathini na saba, na nina furaha mpaka naogopa, maana ile ya kwanza ilitoka na miezi mitano, mlango wa kizazi ulilegea mapema ukafunguka hata uchungu wa maana sikuusikia, nikalia mpaka machozi yakaisha, kwa hiyo safari hii daktari aliushona kwa uzi, na uzi huo ndio umetufikisha hapa, mtoto anarusha mateke mpaka nyundo inanidondoka na wateja wanacheka. Sasa wiki iliyopita mkunga kanipima, akasema, "Hongera mama, mlango umeanza kulainika, njoo Jumatatu tutoe uzi." Nikamwangalia hivi! Umelainika, halafu ndio utoe uzi? Shangazi, miaka kumi na miwili nashona viatu, kiatu kikilegea unaongeza mshono, huupunguzi. Jumatatu sikwenda. Mume wangu nikamdanganya kwamba wamesogeza tarehe, naye maskini ya Mungu akaamini, kila jioni ananikanda miguu huku anamsimulia mtoto habari za mpira, na mkunga kapiga mara tatu, simu naiangalia tu inaita. Tangu jana kiuno kinavutavuta. Mwanangu nimeshamshonea viatu vyekundu, nimevitundika kibandani. Je, siwezi kuuacha uzi humohumo mpaka mtoto atoke mwenyewe?

Mimi, fundi viatu

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma nimesimama, wala sikungoja ukurasa huu uchapwe. Nilipiga ile namba uliyoandika chini, ukapokea huku unatafuna, nikakufokea. Nisamehe. Narudia hapa niliyokwambia, kwa sababu wenye mawazo kama yako wapo wengi.

Kwanza, pole. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini mkunga wako si nyoka, na kumkimbia ni ujinga, nakwambia bila kukuficha.

Mlango wa kizazi umesukwa kwa nyuzinyuzi za kolajeni, protini ileile iliyo kwenye ngozi unayoikata kila siku. Muda mwingi wa mimba nyuzi hizo zimeshikana, zimekaza. Siku zikikaribia, mwili wenyewe unalegeza vile vifungo vinavyozishikanisha, unaongeza vitu vya kuvuta maji, maji yanaingia katikati ya nyuzi, na mlango unalainika ili uweze kufunguka. Ile mara ya kwanza kazi hiyo ilikuja kabla ya wakati. Safari hii imekuja kwa wakati wake, hakuna kilichoharibika. Na mtoto akishatoka, mwili unaanza kuusuka mlango upya.

Hebu niambie wewe fundi, ngozi kavu unaivuta juu ya kalibu, lile umbo la mguu? Thubutu! Unailoweka kwanza, la sivyo inapasuka. Sasa mwili umekulowekea, wewe unang'ang'ania uzi. Uchungu ukianza, uzi huo haumzuii mtoto. Unachana mlango, na damu inaweza kukutoka vibaya. Na kiuno kinachovutavuta si cha kukaa nacho kibandani.

Kwa hiyo nikakwambia: funga kibanda sasa hivi, mwite mumeo akupeleke, na ukweli umwambie njiani, msifike kwa mkunga na uongo mkononi. Mkunga umwombe radhi. Na siku nyingine usipoelewa, uliza hapohapo, swali halina ada.

Hiyo ilikuwa Alhamisi saa nne asubuhi. Jumamosi simu yangu ikaita, mumeo huyo, anacheka na kulia kwa pamoja. "Shangazi, uzi walitoa siku ileile, uchungu ukaanza jana, tumepata binti! Wote wazima! Ila vile viatu vyekundu haviingii, mtoto ana miguu mikubwa!" Wewe nikakusikia nyuma yake unapiga kelele, "Mwambie kipimo kilikuwa sahihi!"

Hakikuwa sahihi, mwanangu. Fumua, ushone upya.