Jina Lililofutwa Kwenye Ubeti wa Mwisho

La Rochelle, Joburg, Jumatano, mwezi wa kumi 2017

Tangu asubuhi joto limekaba na mawingu yamejikusanya upande wa kusini, lakini hayanyeshi. Na mimi niko hivyohivyo. Nimepika chai, nikaisahau mpaka ikapoa. Nikapika nyingine, nikaisahau pia.

Nina hasira. Acha niandike hapa kwa Kiswahili, maana kule hekaluni kwetu hakuna anayekisoma. Bibi mzima, mtunzi wa bhajani, nyimbo zetu za ibada, mwenye vitabu vidogo vitatu, anayewaambia wenzake kila Jumapili kwamba nafsi ni ya kuwekwa miguuni pa Krishna, amekasirika kwa sababu jina lake limefutwa kwenye wimbo.

Naona aibu hata kuliandika.

Ilikuwa Jumapili. Nisha, mke wa mwanangu Kirit, ndiye anayeongoza waimbaji siku hizi, na Jumamosi hii wanaingia studio kurekodi nyimbo zangu ili watu wagawiwe wakati wa Diwali. Walikuwa kwenye mazoezi. Mimi nilikaa nyuma na goti langu bovu, nimefumba macho, naufuata wimbo wa Krishna mtoto aliyeiba siagi. Niliutunga Kirit akiwa na surua, huku nakanda unga wa chapati, kwa sababu ndivyo ninavyotunga mpaka leo. Neno lisipokubaliana na mikono inayokanda, nalitupa.

Wakafika ubeti wa mwisho. Kwetu mtunzi hujitaja katika ubeti wa mwisho, ndivyo walivyofanya watunzi wetu tangu zamani, ili Mungu ajue ni nani anayemwita. Wangu unasema Revi amesimama mlangoni, mfungulie. Nisha akaimba jina la guru wetu badala ya Revi. Ni jina refu, halikuenea kwenye mdundo, na mpiga ngoma akajikwaa. Watu wakaendelea kupiga makofi.

Hakuna aliyegeuka kunitazama. Hata mmoja.

Nikarudi nyumbani nikanuna. Kirit akaniuliza kama ni presha. Nikasema ni presha.

Jana nikampelekea Mama Furaha blauzi ya kupunguza. Ni fundi cherehani, Mkongo wa Bukavu, chumba chake kiko nyuma ya spaza, kiduka cha pale kona, na ndiye mtu ninayeongea naye Kiswahili mpaka roho inatulia. Nikamweleza. Akasimamisha cherehani.

"Mama Kirit, wimbo ni yako na uko unanyamaza? Eish! Sie ku chorale ya kanisa, mutu akikuibia wimbo, tunamufikisha kwa pasteri siku ileile."

"Nisha si mwizi," nikasema.

"Basi ulishamuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza.

Leo jioni nimemuuliza, tukichambua dengu. Nimejifanya kama jambo lenyewe halina uzito. Nisha amezaliwa hapahapa Joburg. Kigujarati anakiimba kwa herufi za Kiingereza, na maneno mengi hajui maana yake. Ameniangalia kwa upole wake wote.

"Ba, hilo jina lilikuwa linanisumbua. Huyo Revi ni nani? Nimeuliza hekaluni, hakuna anayemjua. Nikadhani kuna mtu alinakili vibaya zamani. Nikaona bora niweke la guruji, yeye kila mtu anamjua."

Hasira imeniishia palepale, na kilichokuja badala yake ni kibaya zaidi.

Atajuaje? Yeye ananiita Ba, yaani mama. Mama Furaha ananiita kwa jina la mwanangu. Hekaluni mimi ni Kusumben, yaani dada Kusum, na karatasi zangu zote zinasema Kusum, kwa sababu siku ya harusi mama mkwe alinipa jina hilo. Ndiyo iliyokuwa desturi ya nyumba yao, bibi harusi akiingia, jina la kwao analiacha nje. Revi lilikuwa jina la Mwanza, nilikozaliwa. Baba aliliita kutoka dukani kila alipotaka chai. Nilipoanza kutunga, ningali mke mpya, nililitia kwenye ubeti wa mwisho kwa sababu hapo tu mama mkwe asingethubutu kunikataza. Marehemu mume wangu alijua. Wimbo ukifika pale alikuwa ananitupia jicho na kutabasamu, kisha anajifanya hakufanya kitu. Nam-miss sana leo.

Kwa hiyo katika mji huu wote hakuna mtu, hata Kirit, anayejua kwamba Revi ni mimi.

Na nilipoulizwa, nimejibu nini? "Sijui, labda mwanamke fulani wa zamani." Nikaendelea kuchambua dengu.

Niliogopa. Nikisema ni mimi, Nisha atasikitika, ataomba radhi mbele ya watu, na jina litarudishwa kwa huruma. Mimi nilitaka wanijue bila kuambiwa. Nadhani hicho ndicho kiburi chenyewe, kimekaa ndani yangu miaka yote hii nikiwaimbisha watu unyenyekevu. Au si kiburi? Mtu anayebisha hodi usiku na mchana, si aseme basi ni nani? Sijui. Kweli sijui.

Ninachojua ni kwamba Jumamosi wakisharekodi, ndiyo basi. Watoto watajifunza kutoka kwenye rekodi, na Revi atakuwa hajawahi kuwapo.

Mvua imeanza, matone makubwa yanagonga bati la gereji. Nisha yuko uani anaanua nguo mbiombio, na anaimba wimbo uleule. Amefika kwenye lile jina refu, amepotea, anarudia. Masikio yake yanajua kuna kitu hakikai sawa.

Kesho asubuhi, kabla hajaenda kazini, nitamwambia. Naomba tu ulimi usinisaliti, maana umezoea sana kunyamaza.

Nimejaribu kwanza peke yangu hapa jikoni. Nimeita kwa sauti, vile Baba alivyokuwa akiita kutoka dukani.

"Revi!"

 Kisha nimeitika.

"Abee."