Fyuzi ya Namba Kubwa Imeunguza Mota ya Pudensiana

Mota ya mashine ya mwanangu imeungua! Imeungua, na mimi mama yake ndiye niliyechagua fyuzi.

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako maana hapa Mpanda sina tena pa kulilia. Mimi ni mama wa Pudensiana, na asiyemjua Pudensiana hapa mjini basi ameshuka jana na treni, ndiye binti wa kwanza huku kwetu kushona kwa mashine ya umeme, ile ya kiwandani yenyewe, kaka yake aliipata Tabora kiwanda kilipofungwa akaileta kwenye behewa la mizigo, na siku ilipowashwa majirani walikuja na mahindi wakidhani ni mashine ya kusaga. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini mshono wa mtoto wangu umenyooka kuliko reli.

Sasa Pentekoste parokia ina jubilei na kanzu za kwaya nzima kapewa yeye, nami, mshauri, nilisema, nilisema sokoni, nilisema kanisani, nikaenda mpaka Katumba kwa Lidia na wenzake wanaoshona kwa cherehani za kukanyaga nikawaambia, "Nyie pumzisheni magoti, kazi imepata mwenyewe."

Basi mashine ikaanza kuzima, kila ukiweka fyuzi inakatika. Nikaenda dukani kwa Severini na ile iliyokatika, akanipa nyingine kama hiyo, akasema, "Mama, yake ndiyo hii, ya namba tano." Nikaona dharau. Nikamwambia, "Tano si ya redio hiyo? Mwanangu ana mashine ya kiwanda, nipe yenye namba kubwa kuliko zote." Akaguna, akanipa ya kumi na tano. Nyumbani Pudensiana akasema, "Mama, hapa kwenye tundu lake pameandikwa tano." Nikamjibu, "Kwangu hutashonea tano." Mtoto ana adabu yule, akaiweka.

Haikukatika, akashona na mimi nikapiga vigelegele, mara harufu kama ndala imeangukia jikoni, mara moshi, na sasa ukiwasha inanguruma tu haizunguki, ukiigusa inachoma mkono. Kanzu zilizokatwa zimejaa kitandani pake, yeye analala chini. Hanitamkii neno baya hata moja, heri angenigombeza. Anasema atamrudishia padri vitambaa, aache ushonaji kabisa, aende kulima tumbaku. Na Lidia alikuja mjini akachungulia dirishani: "Mama Pudensiana, mbona kimya, kiwanda kimefungwa tena?" Nilijifunika khanga usoni.

Nimtafutie fyuzi gani, mshauri, ya kuifufua mota hii?

Romana, Mpanda

*

Marahaba, Mama Romana. Pole sana, ila fyuzi ya kufufua mota haipo dukani kwa mtu yeyote. Fyuzi imewekwa ikatike ili mota ipone. Ile ya tano ilipokuwa ikikatika ilikuwa inakuambia kuna jambo: labda mkanda umekazwa mno, labda mafuta yamekauka, labda umeme wenu unapungua nguvu na mota inahangaika. Wewe ukaiziba mdomo kwa sababu uliona haya kununua namba ndogo. Watu wawili walikuambia ukweli siku hiyo, Severini na mwanao, na wote uliwafokea.

Nimemuuliza fundi wa mota. Anasema mota iliyotoa moshi na sasa inanguruma bila kuzunguka, yaelekea nyaya zake za ndani zimeungua. Msiiwashe tena hata kwa kujaribu. Chomoeni plagi, mfungue mota muitoe peke yake, kaka yake Pudensiana aipeleke Tabora ikasukwe nyaya upya. Inaweza kupona, inaweza isipone, na kwa Pentekoste usiitegemee. Ikirudi, weka fyuzi ya namba iliyoandikwa kwenye tundu, ya aina ileile inayovumilia mota inapoanza kuzunguka. Usizidishe namba, na nisisikie mmeweka waya wala karatasi ya sigara badala ya fyuzi. Ikikatika tena, tafuteni kwanza kinachoikata. Na fyuzi ya kununua achague Pudensiana, wewe umsindikize tu.

Zimebaki kanzu, na kwenye kanzu hizo ndiko unakoweza kumpoteza mwanao fundi. Nenda Katumba kwa miguu yako mwenyewe, usimtume binti. Mwambie Lidia, "Nilikudharau, leo nimekuja kukuomba." Atakucheka. Mwache acheke mpaka achoke, usijibu kitu. Kisha omba wakusaidie kushona, Pudensiana awagawie vipande na kusimamia, na siku ya jubilei kanisani msomaji wa matangazo ataje mafundi wote. Vigelegele vyako viweke kwanza. Pika ugali wa kutosha, uwaambie Lidia na wenzake waje kwako na cherehani zao, wote, Jumatatu ya Pasaka.