Myombo wa Nyuma ya Nyumba

Baba,

Sauti iliyobaki masikioni mwangu ni ya mgongo wa shoka lako ukigonga gome: ko, ko, ko, taratibu, kuuzunguka mti mpaka gome lilegee. Kisha lilitoka zima kama kanzu, tayari kuwa mzinga wa nyuki, na shina likabaki jeupe, limelowa.

Nilikuwa kidato cha tatu nilipokujia mbio na daftari. Siku hiyo tulifundishwa usanisinuru: jani hushika mwanga wa jua, hutumia maji na hewa ya ukaa kutengeneza sukari, na sukari hiyo hushukia mizizini kwa njia iliyo ndani ya gome. Ukilivua gome, mizizi inakufa njaa. Ulitazama juu. "Mayu, mwanangu, majani si hayo, mabichi? Au mwalimu wako kawazidi nyuki?"

Nilicheka nawe, Baba. Sikulirudia tena somo hilo.

Mzinga wako wa mwisho uliutoa kwenye myombo wa nyuma ya nyumba, kabla hujaugua. Arobaini yako imepita na mti bado una majani. Mama huanika vyombo chini yake. Kila asubuhi anausemesha: "Umeamkaje, Baba Zuhura?" Majirani wanaitikia kwamba hujaondoka.

Mimi najua. Maji bado yanapanda ndani ya mti, ndiyo maana majani yanaendelea kupika. Lakini chakula kinakwama juu ya kidonda, na chini mizizi inamaliza akiba. Nawe kwenye simu ulikuwa ukiniambia, "Mzima kabisa, soma." Nikasoma. Nikaiamini sauti.

Myombo ukikatwa wakati mizizi bado ina akiba, kisiki huweza kuchipua. Ukichelewa, basi. Nilimweleza Mama. Akasema, "Tumemzika mara moja. Wewe unataka mara mbili."

Siku tatu sikulala vizuri. Safari hii sikuweza kucheka na kunyamaza.

Pumzika, Baba. Mizinga yako nitaitunza, na mipya nitachonga ya mbao. Gome sitalivua.

Jana, baada ya swala ya alfajiri, niliukata myombo kwa shoka lako. Ulianguka na majani yake yote mabichi. Kisiki nimekizungushia miiba mbuzi wasikifikie. Mama hakutoka ndani. Leo ameanika vyombo upande wa pili wa nyumba.

Zuhura wako